Jarida Langu la Kifaransa na Karatasi ya Njano

Jumatatu, 3 Machi
Toleo la kwanza limetoka! Kurasa nane za Kifaransa, nakala thelathini, mhariri mkuu mimi. Mwalimu wa Kifaransa amesema nikileta majina ya wasomaji ishirini kufikia Ijumaa, mashine ya kudurufu ni yangu mwaka mzima. Nikishindwa, anapewa Kidoti, mwenye kijigazeti chake cha Kiswahili kuhusu nani kanuniana na nani. Maskini Kidoti. Namwonea huruma mapema.

Wasomaji hadi jioni: mmoja. Mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwonyesha mama nakala moja. Akasema limependeza mno, mwanangu. Kalishika juu chini. Babu alilitazama dakika kumi nzima, akitikisa kichwa kama hakimu. Nikamuuliza kavutiwa na nini. Akasema yule farasi, mjukuu wangu. Hakuna farasi. Ile ni picha ya mhariri.

Shuleni Kidoti kajipepea kwa jarida langu mbele ya darasa zima, eti shoga, angalau lina upepo. Nilimwomba asikunje kurasa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mpango! Makala kuu inafichua kwa nini kengele ya mapumziko huchelewa: mpiga kengele hagusi kengele mpaka amfunge mpishi drafti, na mpishi hafungiki. Nimeiandika kwa ufupi, kwa Kiswahili, kwenye karatasi za njano, nikachomeka moja ndani ya kila nakala. Wataonja kidogo, watanogewa, watahamia Kifaransa. Hiyo ndiyo akili ya uchapishaji.

Alhamisi, 6 Machi
Nakala zote zimekwisha kabla ya mapumziko! (Mapumziko yalichelewa.) Majina ishirini na saba! Hata Kidoti kasaini, akasema dada, hapo umetuweza. Nimemsamehe.

Baada ya vipindi nimekuta nakala zote thelathini juu ya dawati langu, zimepangwa vizuri. Karatasi za njano hazimo. Wasomaji wangu wastaarabu sana. Wakimaliza, wanarudisha.

Ijumaa, 7 Machi
Leo kengele imelia kwa wakati. Shule nzima imepiga makofi. Sijui nani kawaambia.

Mwalimu kapokea majina, kisha kafungua jarida moja. Kurasa zilikuwa bado zimegandana. Akasema kwa upole kwamba, binti yangu, walichosoma ni ile karatasi ya njano tu. Niandike Kiswahili, mashine ni yangu. Kidoti naye kasema tuungane, mimi niandike, yeye asambaze. Niliomba dakika tano nifikirie kama mtu mzima. Nikafikiria. Nikakataa.

Mashine iko kwa Kidoti.

Nimekaa kitandani nikapata jibu. Kosa lilikuwa ile karatasi: iliwachosha kabla hawajafika kwenye Kifaransa. Na Kifaransa chenyewe wamekizoea mno. Toleo la pili litakuwa la Kijerumani, bila karatasi, na nitalinakili kwa mkono. Tayari najua kuhesabu hadi kumi.

Msomaji wa kwanza nimeshampata. Babu kauliza kama farasi atakuwemo. Nimemhakikishia.