Kutoka Kinyangiri Bila Shikamoo

Alhamisi, 26 Juni

Nimeondoka Kinyangiri alfajiri na baiskeli ya baba mkubwa Melkizedeki. Sharti lake liko wazi. Niifikishe nyumbani kwake Utemini, mjini, peke yangu, kwa kukanyaga, bila kudandia lori, kabla ya jua la Jumamosi kuzama. Nikiweza, narudi nayo kwa bibi na inakuwa yangu. Nikishindwa, inachukuliwa na binamu yangu Gasto, ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote na tayari ameshainunulia kengele.

Nimebeba vitabu vinne. Msafiri asiyesoma ni mzigo tu unaohamishwa.

Tatizo: wazee. Kwetu humpiti mzee ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unainama, unatoa shikamoo, halafu unaulizwa wewe ni wa nani. Ukishajibu, anaulizia bibi, ng'ombe wa bibi, mguu wa bibi. Mimi nina aibu. Mzee mmoja ananitoa jasho kuliko mlima. Leo nimeshuka mara nyingi kuliko nilivyopanda, jambo ambalo kihesabu haliwezekani. Nimelala njiani kwa rafiki yake bibi. Ana wageni. Wote wazee!

Ijumaa, 27 Juni

Upepo. Kutwa nzima usoni. Nimefika Iguguno kwa shangazi Rahel jioni, nikiikokota baiskeli. Gasto amepiga simu kuuliza, kwa upole kabisa, kama kengele ingependeza kulia au kushoto. Nimemwambia aimeze. (Nilimwambia baada ya kukata simu.)

Kesho ndiyo mwisho, na njia bado ndefu. Nikishuka kwa kila mzee, nimekwisha.

Mpango! Nimetafakari ni nani hupita vijijini bila kudaiwa shikamoo. Ng'ombe. Na watalii! Mtalii akipita, wazee ndio wanaompungia mkono. Shangazi ana kofia pana, skafu na miwani ya jua. Mwanawe wa bodaboda ana glavu. Nimemwambia shangazi ni kwa ajili ya vumbi. Amesema mimi ni mtoto mwangalifu.

Jumamosi, 28 Juni, mchana

Mafanikio makubwa! Kijiji baada ya kijiji bila kushuka. Nimefunikwa kote, napunga mkono, nasema "helo". Mzee mmoja amenipungia fimbo. Watoto wamenikimbiza wakiomba pipi. Sikuwa nazo. Nimeona nimeliaibisha taifa langu, ingawa bado sijalichagua.

Jumamosi, jioni

Niandike kwa utaratibu.

Pancha. Tairi la nyuma, karibu na kibanda cha fundi Frank. Mtalii hajui Kiswahili, kwa hiyo nilionesha tairi kwa kidole. Frank akafungua gurudumu. Kwenye benchi walikaa mzee Clement na mama Damari, muuza karanga. Wakanijadili kama gunia la alizeti. Mzee alisema mimi ni Mmarekani, wapo weusi wengi kule. Mama Damari akaniangalia hadi chini kwenye kandambili.

"Mmarekani gani ana visigino vya Kinyangiri?"

Nikaficha miguu nyuma ya boksi la spana.

Hapo mzee akaigeukia baiskeli. Kwenye madigadi ya nyuma baba mkubwa aliandika kwa rangi nyekundu: SINA HARAKA – MELKIZEDEKI. Barabara nzima inayajua maandishi yale. Mimi msomi sikuyafikiria! Mzee akatoa simu na kumpigia baba mkubwa, kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika mbali. Akamwarifu kuwa baiskeli yake imeibwa na mgeni, lakini asiwe na hofu, mwizi wanaye. Frank akaliweka gurudumu chini na kulikalia.

Nikisema Kiswahili, nimeumbuka. Nikinyamaza, jua linazama na Gasto anafunga kengele. Nilivua miwani. Nikavua skafu, glavu na kofia. Nikainama hadi kiuno.

"Shikamoo babu. Mimi ni Yeremia wa Paschal, mjukuu wa bibi Leah wa Kinyangiri."

Frank aliacha hata kutafuna karanga.

"Marahaba," akasema mzee. "Mguu wa bibi unaendeleaje?"

Nikajibu. Mguu, ng'ombe, mvua, paa la kanisa. Sijawahi kuongea kiasi hicho na mtu asiye kitabu. Mama Damari alisema alinijua tangu visigino, ila alitaka kuona Umarekani wangu utaishia wapi. Mzee akapiga simu tena kutangaza kwamba mwizi ni mtoto wa nyumbani. Frank akasimama, akaziba pancha.

Nikakanyaga kama ninayefukuzwa. Nimeingia Utemini jua likiwa limebaki ukucha! Baba mkubwa alikuwa getini, na Gasto pembeni yake, kengele mkononi. Nikaanza kueleza. Baba mkubwa akanyanyua mkono. Alisema amepigiwa simu na wazee wa barabara nzima, wote wakitaka kujua mtalii yule amepata wapi baiskeli yake.

"Sharti umetimiza. Ni yako. Ila Jumatatu unaporudi, kila mzee uliyempungia mkono, unasimama na kumwamkia."

Gasto alicheka hadi akadondosha kengele.

Jumapili, 29 Juni

Nimetafakari ibada nzima. Kosa langu sasa naliona: nilijificha, wakati nilipaswa kujitangaza.

Nimeomba boksi tupu dukani, nimelikata mapande mawili na kuyaunga kwa kamba ya kuvaa shingoni. Kifuani nimeandika kwa herufi kubwa: SHIKAMOO. MIMI NI YEREMIA WA PASCHAL. Mgongoni: NYUMBANI HAWAJAMBO WOTE. ASANTE KWA KUULIZA. Kwa wazee wasiopenda kusoma nimechora bibi akitabasamu.

Nimepiga hesabu mara mbili. Sitashuka hata mara moja.