Mama Mkwe wa Luhaga

Jumatatu, 16 Juni
Mchujo wa timu ya wilaya ya mpira wa magongo umeanza. Tumefika ishirini na tisa, wanatakiwa kumi na sita. Kocha wetu, Madamu Philomena, ana daftari na kalamu nyekundu. Anaandika kila kitu, hata ukijikuna. Leo katukimbiza mizunguko sita. Wa mwisho mimi. Sijali. Mimi ni kipa, na kipa hakimbii. Nina miaka arobaini na mbili na kitambi kinachoziba nusu ya goli bila jasho.

Tatizo kipa anatakiwa mmoja, na kuna Luhaga. Kijana wa Sapiwi, mchunga ng'ombe, kashika fimbo tangu anaanza kutembea. Mipira kumi, kazuia tisa. Mimi miwili, na mmoja ulinigonga nikifunga kamba ya kiatu.

Siwezi kuikosa nafasi hii. Jana nimetangaza kanisani kwamba naenda Mwanza kuilindia wilaya goli. Mchungaji kaniwekea mikono! Nikibaki Bariadi nitawauziaje watu wale spea za baiskeli?

Jumatano, 18 Juni
Nimepata dawa! Mke wangu Specioza, akichambua mchicha, kasema Luhaga kaoa kijijini Kasoli, na anamheshimu mama mkwe wake hivi kwamba akimwona njiani anaingia porini. Msukuma gani asiyefanya hivyo? Mimi nikisikia tu kikohozi cha mama yake Specioza natafuta suruali.

Sasa: mazoezini wote tunavaa bukta. Vifaa vya kipa Madamu anasema viko njiani, wiki ya tatu hii. Mama mkwe akae pembeni ya uwanja, Luhaga na mapaja yake nje. Atakimbilia Sapiwi bila kuaga! Akili ni nywele. Mimi nina upara, lakini kwa ndani zimejaa.

Alhamisi, 19 Juni
Nimefunga duka, bodaboda hadi Kasoli. Mama mkwe wa Luhaga anaitwa mama Kwandu. Nimemkuta shambani. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, nikachuma naye pamba mistari miwili. Mgongo! Nikamwambia Bariadi nzima inamsifu mkwewe, aje Jumamosi ajionee. Kakubali, ila atatafuta mwenzake wa kumsindikiza. Nikasema alete hata kwaya nzima. Nilikuwa na furaha, sikuuliza ni mwenzake gani.

Jumamosi, 21 Juni
Siku mbaya kuliko zote. Mechi ya mwisho ya mchujo, na vifaa vya kipa vimefika! Seti moja. Miguuni magodoro hadi mapajani, kifuani godoro, kichwani helmeti yenye wavu usoni. Madamu kasema Luhaga avae kipindi cha kwanza, mimi cha pili. Kwa sasa nicheze mshambuliaji upande wa pili. Na bukta yangu, ambayo tangu ifuliwe imepungua.

Dakika ya kumi mama Kwandu akafika na msindikizaji wake. Mama yake Specioza! Mama mkwe wangu mwenyewe! Kumbe wanaimba kwaya moja. Wakaketi kwenye mstari, hatua tano kutoka kwenye mapaja yangu.

Mpira nilikuwa nao, nimebaki na Luhaga tu. Niliacha mpira, nikaacha gongo, nikaingia kwenye shamba la pamba nyuma ya goli. Nimechuchumaa humo mpaka mechi ikaisha. Nilisikia yote. Luhaga akazuia kila kitu, na mama Kwandu akapiga vigelegele akiuliza yule kipa mnene wa magodoro ni mtoto wa nani. Baadaye Luhaga akavaa suruali, akaenda kumsalimia kwa adabu zote. Mama mkwe wangu akauliza baba Precious, yaani mimi, yuko wapi, alisikia anacheza. Madamu akajibu kwamba hata yeye anamtafuta.

Specioza ndiye aliyeniletea suruali. Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika.

Jumapili, 22 Juni
Majina yamebandikwa. Kipa: Luhaga. Kwenye jina langu, kalamu nyekundu: aliondoka uwanjani bila ruhusa, sababu haijulikani. Nimeomba niwe mbeba vifaa. Madamu kasema hata vifaa vinahitaji mtu asiyetoroka. Mchungaji kauliza safari lini. Nikasema mipango inaendelea. Specioza kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwambia sikuchimba chochote, nilichuma pamba.

Jumatatu, 23 Juni
Nimetafakari tangu asubuhi. Mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mkwe. Kipa anafunikwa na magodoro, lakini kocha je? Madamu anafundisha kwa suruali ya mazoezi inayobana, na Method wa bodaboda kaniambia baba mkwe wa Madamu yuko Mwanhuzi, mzee mkali kweli. Mzee akiketi pembeni ya uwanja, Madamu atakimbia. Timu itabaki bila kocha, na kocha nitakuwa mimi. Kanisani nitasema Mungu kajibu kuliko tulivyoomba.

Nimeshakata tiketi ya Mwanhuzi. Safari hii nimejiandaa: nitavaa suruali.