Kamati ya Ustawi wa Viganja

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Usambazaji wa Nyaraka inawatangazia watumishi wake wote kwamba tatizo la ganzi ya mikono miongoni mwa matarishi limekwisha. Limekwisha rasmi, kwa muhtasari wa kurasa arobaini na mbili, ulioandikwa na mimi mwenyewe nikiwa Katibu wa Kamati ya Ustawi wa Viganja. Matarishi wenyewe bado hawajaarifiwa kwamba hawana ganzi, lakini barua zao ziko njiani. Zinapelekwa na matarishi.

Kwa msomaji asiyetufahamu, idara yetu ina baiskeli kumi na mbili za zamani, zile nyeusi za chuma kitupu, zenye breki za fito na kengele inayosikika mpaka mtaa wa pili. Kila asubuhi matarishi huzipanda kutoka makao makuu hadi jengo la masjala, kilomita tisa za mashimo matupu, mafaili yakiwa yamefungwa nyuma kwenye keria. Wakifika, mwenye zamu ya siku hiyo husaini kitabu cha makabidhiano. Sasa, mtu aliyeng'ang'ania usukani wa chuma kwa kilomita tisa hufika vidole vimekufa ganzi, na sahihi yake hutoka kama ya mtu anayetekenywa.

Mkurugenzi wetu aliliona tatizo hilo kwa upande wake muhimu, yaani sahihi. Akatoa Waraka Namba Tisa: kila sahihi ilinganishwe na ile iliyo kwenye kadi ya mtumishi pale masjala, na isipolingana mara tatu, mtumishi huyo atahesabiwa kuwa si yeye. Mtu ambaye si yeye hawezi kuendelea kufanya kazi ya mtu mwingine. Nadhani hilo halihitaji shahada.

Katika matarishi hao yumo mama mkwe wangu. Ana miaka thelathini na moja kazini na amebakiza miezi minane kustaafu. Wenzake humwita Kengele, kwa sababu haachi kuigonga hata barabara ikiwa tupu. Mpaka wiki ile sahihi yake ilikuwa imekataliwa mara mbili. Ikikataliwa mara moja zaidi, miaka thelathini na moja ingekuwa imefanywa na mtu asiyejulikana, na mtu asiyejulikana haagwi, hapewi hata cheti cha shukrani.

Mke wangu aliliweka jambo hilo kwa namna yake, akiwa anakunja nguo.

"Hebu nieleze vizuri, baba watoto. Mama akihesabiwa si yeye, mimi ni mtoto wa nani?"

"Hilo liko nje ya hadidu za rejea," nikamjibu.

"Na huyu unayelala naye ni nani?"

Usiku ule nilipendekeza Kamati ikutane haraka.

Kamati ilikutana kwa siku tano. Wajumbe walikuwa wanne: Mkurugenzi, mwanasheria, afisa itifaki na mimi. Hakuna aliyewahi kupanda baiskeli tangu utotoni, na tulikubaliana kwamba hilo lilitupa mtazamo usioegemea upande wowote. Mtu anayepanda baiskeli kila siku ana maslahi yake binafsi, mikono. Tarishi mmoja aliomba kuhudhuria, tukamwomba asubiri nje na alete chai.

Jambo la kwanza lilikuwa vipimo. Kanuni za sare zinasema kipimo cha vazi lolote la idara kichukuliwe kwa mtumishi wa ngazi ya juu aliyepo chumbani. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Ni mkono mdogo, mnene, laini kama unga uliokandwa, na haujawahi kuinua kitu kizito kuliko muhuri. Mwanasheria aliupima kwa rula. Kipimo hicho kikawa kipimo cha mikono ya matarishi wote.

Jambo la pili lilikuwa majaribio. Fundi cherehani alituletea glavu za aina sita, nyingine za ngozi, nyingine za pamba, nyingine zimekatwa vidole. Tukajiuliza, kiganja hufanya kazi gani nzito? Tukatazamana. Afisa itifaki ndiye aliyepata jibu: kiganja hupiga makofi. Basi tukavaa glavu na kupiga makofi, kila aina dakika kumi, huku Mkurugenzi akisimama na kutoa hotuba fupi ili mazingira yawe halisi. Zile zenye sponji zilitoa mlio hafifu sana, Mkurugenzi akakunja uso. Za ngozi ngumu zilivuma vizuri, hasa pale fundi alipohamisha kifungo cha chuma kutoka kwenye kifundo cha mkono na kukiweka katikati ya kiganja. Zilipita bila kupingwa.

Jambo la tatu lilikuwa mkao. Mkurugenzi alisema amekuwa akiwaona matarishi dirishani wakipita wima, kifua mbele, kama wao ndio wenye ofisi. Ikaamuliwa usukani wa kila baiskeli ushushwe kwa upana wa viganja viwili, mpandaji awe ameinama kwa adabu, na pua ya kiti ielekezwe chini ili adabu hiyo isimponyoke. Uzito wote wa mtu ukahamia mikononi. Kwa kuwa sasa mikono ilikuwa na glavu, tuliona inaweza kuubeba.

Siku ya tatu ya matumizi ya majaribio, mama mkwe alinikuta kwenye ngazi. Alinionyesha kiganja chake. Katikati palikuwa na duara jekundu, lenye hata alama ya nembo ya kifungo.

"Mkwe wangu, hii glavu yenu inanigonga muhuri."

"Ni kipindi cha mpito, mama."

"Vidole viwili hivi vya mwisho sivisikii kabisa. Jana nimemwaga chai nikadhani bado nimeshika kikombe. Ijumaa ijayo ni zamu yangu ya kusaini. Niinulie usukani tu, mwanangu, sikuombi kingine."

Nilimweleza, kwa unyenyekevu unaompasa mama mkwe, kwamba kuinua usukani kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji akidi, na akidi ilikuwa kwenye semina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisikitikia, naapa, alinisikitikia mimi.

Jumamosi alikwenda kwa fundi baiskeli wa mtaani, ambaye kila mtu humwita Spana. Nilimfuata kwa lengo la ukaguzi. Spana alimwambia akae juu ya baiskeli, akamshika viwiko.

"Dada, mkono ukinyooka kama mti, kila shimo linakupanda mpaka begani. Kunja kidogo. Haya, usukani tunauleta juu, ulingane na kiti au ukizidi kiti kidogo. Kiti tunakiweka bapa, usiwe unateleza kuja mbele. Na mishikio naizungusha, kifundo kisivunjike."

Alifungua nati mbili, akagonga mara moja kwa nyundo, akakaza. Akaizungushia mishikio mpira wa ndani wa tairi kuukuu, na juu yake kitambaa. Glavu mama mkwe alishona mwenyewe: za pamba, zimekatwa vidole, sponji imewekwa kwenye vile vilima viwili vya kiganja na katikati pameachwa wazi. Kazi yote ya Spana ilichukua muda wa kumaliza soda. Mimi kwa cheo changu nilipaswa kuripoti ukiukwaji ule, lakini nilikumbuka swali la mke wangu, nikaandika kwenye daftari la ukaguzi kwamba siku hiyo macho yalikuwa yananiwasha.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya uzinduzi rasmi. Hotuba ya Mkurugenzi niliiandika nyumbani, mke wangu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Lazima nieleze kwamba Mkurugenzi huzisoma hotuba zake kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani, jambo linaloongeza msisimko. Alisoma vizuri sana kuhusu mapinduzi ya kiganja. Akafika ukurasa wa tatu.

"Na ili kuonyesha mfano," akasoma kwa sauti ya kishindo, "mimi mwenyewe, leo hii, nitavaa glavu hizi, nitapanda baiskeli, na kuongoza msafara mpaka masjala, ambako nitasaini..." Hapo sauti ikapungua. "...nitasaini kitabu."

Wapiga picha walikuwa wamekwisha inua kamera. Makofi yalivuma, kwa kuwa wote tulivaa zile glavu.

Tulimpandisha watu wawili. Aliondoka ameinama kwa adabu kubwa, kifua kikikaribia kugusa tairi. Nyuma yake alifuata mama mkwe, wima, akigonga kengele. Mimi nilifuata kwa gari la wapiga picha. Kilomita ya kwanza Mkurugenzi alipunga mkono. Ya pili aliacha kupunga. Ya tano alianza kuzungumza na usukani. Kwenye shimo la karibu na kisima nilimsikia akitaja jina la mama yake. Mama mkwe alimsogelea ubavuni.

"Badilisha mshiko, mwanangu. Shika pembeni, tikisa vidole."

"Ninavyo bado?" akauliza Mkurugenzi.

"Vipo, navihesabu."

Masjala kulikuwa na karani mmoja, kijana mkimya mwenye miwani, aliyesifiwa na Mkurugenzi mwenyewe mara mbili kwa kuufuata Waraka Namba Tisa bila kupepesa. Mama mkwe ndiye aliyetangulia mezani. Alivua glavu zake, akafungua na kufumba vidole, akasaini. Karani aliweka kadi pembeni ya kitabu, akatazama herufi moja moja.

"Inalingana," akasema karani. "Pole kwa safari, mama."

Nikaliandika neno hilo kwenye daftari la ukaguzi, nikalipigia mstari.

Kisha ikawa zamu ya Mkurugenzi. Kalamu ilimponyoka mara moja, akaiokota kwa mikono miwili. Alichoandika kilifanana na ramani ya mto. Karani akatikisa kichwa. Akaandika tena, ramani ikapata tawimto. Mara ya tatu kalamu ilitoka nje ya kitabu na kuendelea mezani.

"Mara tatu," akasema karani. "Samahani, mzee. Wewe si wewe."

"Unanitazama usoni?"

"Mimi natazama kadi. Sura haimo kwenye waraka."

"Waraka nimeutoa mimi."

"Umetolewa na Mkurugenzi."

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Hilo ndilo linalohitaji uthibitisho. Kifungu cha tano, barua ya uthibitisho husainiwa na Mkurugenzi."

Mkurugenzi akamgeukia mama mkwe. Uso ulikuwa umelowa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema tafadhali.

"Mama, tafadhali. Mwambie huyu mimi ni nani."

Mama mkwe alimtazama kwa makini, kwa huruma kabisa.

"Ningependa kukusaidia, mwanangu. Lakini hizi siku zote napita dirishani nikiwa nimeinama naangalia tairi. Nikiapa nitakuwa nabahatisha."

Karani akafunua kifungu cha sita, ambacho nakiri tulikiongeza kwa sababu ukurasa ulibaki mweupe. Kinasema Mkurugenzi akikutwa si yeye, atakaimu mtumishi aliyehakikiwa siku hiyo mwenye miaka mingi zaidi kazini. Aliyehakikiwa siku hiyo alikuwa mmoja. Wapiga picha waligeuza kamera upande wa pili wa meza.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Kaimu Mkurugenzi huja kazini kwa baiskeli, na matarishi wengine wote kumi wamepeleka zao kwa Spana na kushonewa glavu zenye sponji. Sahihi zao zinasomeka kuliko zangu. Nyumbani nimeruhusiwa kurudi kwenye kiti changu cha kawaida mezani, na mke wangu ananiita jina langu tena.

Yule mzee naye hakuachwa njiani. Mtu ambaye si yeye ana haki ya kujaribu tena sahihi kila siku ya kazi, mradi afike masjala. Gari la Mkurugenzi hawezi kulipanda, kwa kuwa ni la Mkurugenzi. Kwa hiyo tumempa nafasi ya tarishi wa muda, ile ambayo mama mkwe ameiacha, pamoja na baiskeli pekee iliyobaki stoo katika mkao rasmi, na jozi moja ya glavu za ngozi ambazo, kusema kweli, zinamkaa vizuri kuliko mtu yeyote. Hufika masjala kabla ya saa nne, anasaini, karani anatikisa kichwa.

Wiki iliyopita aliandika maombi kwa Kamati kuomba usukani uinuliwe. Yalikuwa maombi mazuri, yenye hoja, ya mtu aliyeelewa jambo analolieleza. Kaimu alitaka yapite siku hiyo hiyo. Ilibidi mimi kama Katibu nimwonyeshe kwamba sahihi ya mwombaji hailingani na ya mtu yeyote tunayemfahamu. Nikaandika barua ya kuyakataa, nikaitia kwenye bahasha, nikamkabidhi tarishi wetu wa muda aipeleke kwa mhusika. Aliipokea, akaipiga makofi mara moja kuondoa vumbi, akatoka kwenda kujitafuta.