Maombi ya Safari Mbele ya Tembo

Jamani, leo nimeaibika mbele ya tembo. Tena na kwaya nzima ikiangalia, ambayo ni mbaya zaidi, maana tembo hana simu ya kurekodi.

Mnajua leo ndiyo tumeondoka Kilosa kwenda misheni Malawi. Kiongozi wa msafara ni Mama Mchungaji. Kiongozi wa maombi ni mimi. Mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka! (Hata Iringa sijawahi kufika, ila ndotoni nimeshahubiri Lilongwe nzima.) Somo nililoandaa: "Usiogope."

Kabla hatujafika Mikumi, tairi likapasuka. Vichaka kulia, vichaka kushoto. Dereva akashuka na jeki, sote tukashuka. Mama Mchungaji akaniambia, "Daudi mwanangu, hebu tuombee safari wakati tunasubiri."

Nikasimama kando ya barabara, nikafumba macho, nikainua mikono. Mwanzoni wenzangu waliitikia vizuri. "Amina! Ndiyo, Bwana!" Kisha wakanyamaza wote. Nikajua upako umeshuka. (Kumbe watu wanapanda gari, mmoja mmoja, kwa kunyata.)

Nikaongeza sauti. "Bwana, hata aje simba, hatutakimbia!"



Mara nikasikia mnong'ono kwa mbali. "We Daudi! Fumbua macho!" Alikuwa Neema, yule wa sauti ya kwanza, anayependa kunichokoza. Nikasema huyu leo anatumika vibaya.

"Shetani, hunitoi kwenye maombi!"

"Fumbua macho, wewe!"

"Ushindwe!"

Tawi likavunjika. Karibu kabisa. Halafu ikaja pumzi nzito, kama mtu anamwaga gunia la mchanga. Mkono ukanigusa bega. Nikafumbua macho.

Mkono ulikuwa wa Mama Mchungaji. Alikuwa ameshaingia garini salama, akashuka tena kunifuata, peku, viatu kavishika mkononi. Na juu ya kilemba chake, ng'ambo ya barabara, niliona masikio. Jamani, yale masikio!

"Usikimbie," akaninong'oneza. "Turudi kinyumenyume. Polepole."

Nikakimbia.

Sijui miguu ilitoa wapi kasi ile. Nikajitupa ndani ya Hiace juu ya mapaja ya watu, nikavuta mlango, nikabana loki.

"Asante Yesu, tumepona wote!"

Hakuna aliyesema amina. Neema alinyoosha kidole tu dirishani.

Mama Mchungaji alikuwa nje. Peke yake, kati ya gari na tembo, viatu mkononi, hatikisiki. Na ule mlango mnaujua, ukibanwa kwa pupa haufunguki. Nikavuta. Nikavuta tena. Machozi yakaanza kunitoka (ndiyo, nililia, andikeni). Dereva yuko kwenye kiti chake kakumbatia spana, hata kumeza mate hamezi. Tembo akapiga masikio. Akasogea hatua moja. Niliomba maombi mafupi kuliko yote ya maisha yangu: "Mungu, siyo yeye."

Tembo akamwangalia Mama, akaliangalia gari, akageuka. Akaingia vichakani taratibu, kama mzee aliyekumbuka shughuli zake.

Mama Mchungaji akasubiri mpaka amepotea kabisa. Ndipo akaja, akagonga kioo kwa adabu.

"Hodi humu ndani."

Gari zima likavunjika mbavu. Dereva akamfungulia mlango wa mbele. Mimi nilitamani kubaki kule na tembo.

"Mama, nisamehe."

"Tutaongea Mikumi."

Tutaongea Mikumi! Watu wangu, Mikumi kuna magari ya kurudi Kilosa. Dereva akafunga tairi la akiba, tukaondoka. Njia nzima nilipakata begi langu, naiaga Malawi ambayo sijaiona.

Tulipofika, tairi lililopasuka likapelekwa kwa fundi. Mama akaniita pembeni.

"Begi la nini hilo?"

"Nimelishusha kabisa, Mama, nisiwape shida."

"Lirudishe garini." Akafunga vizuri kilemba chake. "Huko tunakokwenda wapo watu waoga kwelikweli. Mimi nitawaambia nini? Siwajui. Wewe unawajua."

Nikalia tena.

Kwa hiyo naenda. Ila maombi ya barabarani kapewa Neema, na ameshatangaza kwamba yataombwa macho wazi.

Naombeni msicheke. Mkishindwa, chekeni polepole, mama yangu mzazi asisikie. Asubuhi alimshika mkono Mama Mchungaji akamwambia asiwe na wasiwasi njiani, amempa mlinzi.