Pingili Thelathini na Tatu

Jumatatu, 28 Juni 1976, Marui
Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Mzee Jumbe, ametangaza kwamba Sabasaba hii tutaonyesha mazoezi ya viungo Kisarawe bomani. Anatakiwa mwalimu. Na mwalimu hatakwenda shamba la ujamaa wiki nzima! Nikanyoosha mikono yote miwili. Mwinshehe naye akanyoosha. Huyu alipita JKT na mpaka leo akienda kisimani anapiga gwaride. Mzee Jumbe akaniuliza nina ujuzi gani. Nikasema uti wa mgongo nimeusoma wote. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Tumeambiwa tutajaribiwa sote wawili keshokutwa.

Jumanne, 29 Juni
Asubuhi na mapema, zahanati. Daktari Ponsiano ana picha ukutani ya mtu asiye na ngozi. Ajabu! Nimetembea na mgongo huu miaka arobaini bila kujulishwa kilichomo. Pingili thelathini na tatu! Saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, tano za nyonga zilizoshikana, nne za kifandugu. Kati ya pingili, vipande vya gegedu, zisisagane. Na tumbo je! Kuna msuli wa mbele, kuna misuli ya mshazari ubavuni, na kuna mmoja wa ndani kabisa unaozunguka kama mkanda. Wa mbele ukijikaza, mtu anainama. Ya mgongoni ikijikaza, anainuka. Nikaandika yote kiganjani, nikapanda baiskeli. Kufika nyumbani, jasho limenibakizia saba na kumi na mbili.

Jumatano, 30 Juni
Tatizo ni kitambi. Mwalimu wa misuli ya tumbo hawezi kutanguliwa na tumbo. Nikachukua kanga ya mke wangu, Mwanamvua, nikajizungushia kwa nguvu zote chini ya fulana. Bapa! Kwenye jaribio nikawaambia watu kwamba huu ndio ule msuli wa ndani, ukiwa kazini. Wakaugonga kwa vidole. Wakasifu. Mzee Jumbe akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Ndipo nikapiga chafya. Kanga ikaporomoka mpaka magotini.

"Kanga yangu hiyo!" Mwanamvua akapiga kelele. "Na mimi tangu asubuhi namsingizia Tatu wa watu!"

Tatu, jirani yetu, alikuwa amesimama ubavuni pake.

Ualimu kapewa Mwinshehe.

Ijumaa, 2 Julai
Nimempatia dawa yake! Mwinshehe anatafuta mtu wa kufanya daraja: viganja na nyayo chini, tumbo juu, halafu yeye asimame juu ya tumbo hilo. Nimejitolea huku natabasamu. Mpango wangu: akishapanda, nalegea. Abwagwe mavumbini!

Baada ya sala ya Ijumaa uwanja ukajaa. Nikajipinda. Mwinshehe hata mguu hajainua, kiuno changu kikalia ka! Kikagoma. Juu siendi, chini siendi. Kijiji kizima nakiona kichwa chini, miguu juu. Mwinshehe akaniwahi, akanikinga mgongo kwa mikono miwili, akanilaza polepole kama anaweka mayai. Akasema pole sana, ndugu yangu. Mtu huyu anaudhi!

Jumapili, 4 Julai
Ponsiano kaja kuniona. Hakuna kilichovunjika, misuli tu imekaza. Amekataza nisilale kutwa. Amenipa zoezi: lala chali, kunja magoti, toa pumzi, vuta kitovu kuelekea mgongoni. Nikavuta. Kitu kikaitika ndani! Upo! Msuli wa mkanda, wangu mwenyewe, hai! Nikamwita Mwanamvua aweke mkono. Akaweka, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu Jumatano hakuwa amenisemesha.

Mwinshehe naye kaniletea madafu. Anasema nisisikitike, nitapiga filimbi: mara moja wainame, mara mbili wainuke. Nilikaribia kulia. Nimejirudi. Sina hila tena na mtu.

Jumatano, 7 Julai, Kisarawe
Umati! Wakubwa wa wilaya kwenye viti. Watu wetu kumi na wawili wamejipanga, Mwinshehe katikati, Mzee Jumbe mstari wa mbele na kaptura. Nikapiga filimbi. Wakainama kama mtu mmoja. Uzuri gani ule! Nikaona kipaza sauti hakina mtu. Ningefanyaje? Nikawaeleza wananchi wanachokitazama. Safari hii pingili zilikuja zenyewe, sikuruka hata moja. Nimefika kiunoni, nikasikia sauti kutoka chini chini.

"Twalibu! Filimbi!"

Nikamwambia Mwinshehe avumilie, bado nyonga na kifandugu. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Makofi! Vigelegele! Nilipopuliza mara mbili, waliinuka wanne.

Alhamisi, 8 Julai
Marui yote inatembea imeshika kiuno. Mzee Jumbe amesema, akiwa bado ameinama, kwamba filimbi nisiiguse tena na shamba la ujamaa naanza leo. Nimelima matuta mawili.

Lakini! Saa nne amenifuata shambani mwanamke wa kijiji cha pili, Mwanamkuu, anachechemea. Alinisikia bomani. Akauliza kama na magoti niliyasoma. Nikasema yote mawili. Kesho anarudi na mama yake na dada zake watatu. Nimemwambia awahi, kutakuwa na foleni. Goti lenyewe linakunjwa, linakunjuliwa, basi. Kuna nini humo cha kumshinda mtu?