Mbuzi Wawili kwa Deni Moja

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Nimekwisha. Nimetoka Embu mjini kuchukua cheti cha CRB, wale watunza rekodi za madeni, kile cha kuonyesha mtu hana deni, nikaambiwa ninalo. Mimi! Ndambiri, karani wa mizani, kiwanda kile kile cha kahawa, miaka kumi na tisa! Shilingi elfu sita na mia tatu, zilikopwa kwa simu Aprili mwaka jana, kampuni inaitwa Mkopo Radi. Sijawahi kukopa kwa simu. Simu yenyewe huiwasha kwa maombi.

Niandike jambo lenyewe kabla hasira hazijalifuta. Nafasi ya meneja wa kiwanda imetangazwa. Maombi yanafungwa Ijumaa tarehe 18, saa kumi na moja jioni. Bila cheti safi, usijisumbue. Tunaoitaka ni wawili tu, mimi na Runji wa stoo. Runji alipata chake wiki jana. Amekitia plastiki. Anakibeba hata akienda kunywa chai.

Jumanne, 8 Oktoba

Asubuhi nikiwa kwenye mizani, simu. Mwanamke, sauti tamu kama asali ya Mbeere. Akanisalimu kwa Kimeru, akauliza mvua ya Runyenjes, akauliza watoto. Nikamjibu kwa furaha dakika tatu nzima. Ndipo akasema yeye ni Karwirwa, wa kampuni ya kudai madeni, na deni langu pamoja na faini sasa ni elfu kumi na moja na arobaini. Nikamwambia sikukopa. Akasema, "Wote husema hivyo, baba. Hata mimi ningesema." Akanitakia siku yenye baraka.

Nilipokata simu nilikuta nimempimia Mama Wambeti kilo nne ambazo hakuleta.

Jioni Njoki, mke wangu, alisema tulipe yaishe. Alisema akitazama sufuria, si mimi. Nikakataa kata kata. Kulipa ni kukiri! Nitatafuta wakili.

Jumatano, 9 Oktoba

Embu tena. Nilibeba mkungu wa ndizi, maana mtu haendi kwa wakili mikono mitupu. Wakili Mithika, ghorofani, juu ya duka la dawa. Binti wa mapokezi alipokea ndizi, akauliza ni shamba lipi. Nikasema si shamba, ni deni. Akarudi kwenye kompyuta yake. Ndizi hazikurudi.

Kumbe Mithika hushughulikia ardhi tu. Kwenye benchi walikuwa watu kumi na mmoja, wote mashamba. Mzee mmoja wa Kanja aliniambia kesi yake ya mpaka ilianza kabla hajaoa. Sasa wajukuu ndio humletea uji pale. Alisema kwa fahari, kama mtu anayesimulia vita alivyoshinda.

Hapo nikapata akili. Nikarudi mezani nikasema samahani, nilikosea, ni shamba. Nikaingizwa papo hapo, nadhani kwa ajili ya ndizi! Wakili akashika kalamu, akauliza nambari ya shamba. Mpango wangu haukuwa umefika hapo. Nikatoa nambari ya pekee iliyokuwa kichwani: ya Runji, ambaye huitaja shamba lake kila mkutano. Wakili akaandika. Nilipoanza habari za CRB aliniambia niende kwa amani. Nimeenda. Lakini nambari ilibaki kwenye faili, na jina langu juu yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku ya furaha mpaka saa tano na robo.

Nimepata wakili wa kweli. Ni Kanana, binti wa mwalimu Muthamia aliyenichapa darasa la sita. Ameapishwa juzi tu. Ofisi yake ni chumba nyuma ya duka la fotokopi, meza moja na viti viwili, kimoja cha kuazima. Alinisikiliza hadi mwisho. Nyumbani kwangu jambo hilo halijawahi kutokea. Akasema ni rahisi, hakuna haja ya korti. Tutaandika barua ya kulipinga deni, nao watalazimika kuchunguza na kusahihisha ripoti. Nisilipe hata shilingi moja, maana nikilipa nimekiri. Na nisimfiche kitu. Malipo elfu moja na mia tano, nikiweza. Nusura nilie.

Kisha akauliza, "Mzee, umewahi kumpa mtu kitambulisho chako asajilie laini?"

Kamwe, nikasema. Mdomo wangu hutangulia, mimi hufuata baadaye.

Basi, akasema, tupige nambari iliyokopa tumsikie mwenyewe. Akanisomea kutoka kwenye ripoti, nikabonyeza. Nilipobonyeza tarakimu ya mwisho, simu ikaandika jina: MAMA MKWE KIRITIRI.

Nikazima. Nikamwambia wakili nambari haiendi.

Sasa nakumbuka. Mwaka wa 2015 kitambulisho cha mama kilipotea, nikamsajilia laini kwa changu. Kipya hakijatoka mpaka leo. Na nani hukumbuka nambari za watu siku hizi?

Jioni Njoki alitoa siri yote. Mama alikopa anunue mbegu za ndengu na dawa ya mbuzi. Mwezi wa tano akauza mbuzi mmoja akalipa, kabla hata ya siku ya mwisho. Alimpa mwenye duka pesa mkononi, huyo akazituma kwa laini yake mwenyewe, si ya mama, kisha akamrushia mama ule ujumbe wa kuthibitisha. Mwenye duka alishahama, hakuna ajuaye aliko. Lakini ujumbe umo kwenye simu ya mama.

Deni lililipwa! Ripoti ni ya uongo! Niliruka. Halafu nikakaa chini.

Ushahidi umo kwenye simu ya mama mkwe. Njoki hawezi kuiomba, alimwapia kwamba mimi sitajua. Na mimi ni mkwe. Huku kwetu mkwe huongea na mama wa mkewe habari za mvua na mbuzi, basi. Ndiyo nthoni, heshima yenye aibu ndani yake. Nimwambie, "Mama, lete simu nione deni lako"? Heri nipite sokoni Runyenjes bila suruali, siku ya soko.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nina mpango. Mzuri sana. Mutegi, ndugu yake Njoki, anauza mchanga kule Kiritiri. Atamwambia mama simu yake inakwaruza, aichukue eti kwa fundi, aniletee mimi. Nitapiga picha ule ujumbe, simu irudi. Hakuna wa kuaibika. Mutegi ameokoka, alisitasita kumdanganya mamake. Nikamwambia ni uongo mdogo, wa wiki moja. Akakubali.

Saa sita akaja Runji, hati yake ya shamba ndani ya plastiki, mkewe nyuma kama askari. Karani wa Mithika amekwenda ofisi ya ardhi kuulizia shamba lake. Kwa niaba ya nani? Yangu!

"Ndambiri, shamba langu unalitakia nini? Si tulikua pamoja hapa?"

Ilibidi nichague: niwe mnyakuzi au niwe mdaiwa. Nikachagua mdaiwa, nikaeleza yote ya CRB, isipokuwa mama. Ungemwona alivyotulia! Akanishika bega. Akaniita ndugu. Sijawahi kuhurumiwa vibaya namna ile.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani Runji alisimama, akaomba tumkumbuke ndugu yetu Ndambiri aliyefungwa minyororo ya mikopo ya simu. Maombi dakika sita. Amina ilikuwa kubwa. Njoki naye alisema amina.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mutegi amefika na simu. Inang'aa. Dhamiri ilimuuma njiani, kwa hivyo, ili asiwe amemdanganya mama, akaipeleka kwa fundi kweli. Fundi akasema imejaa takataka, akaifuta yote.

"Sasa ni kama mpya, shemeji!"

Nikatafuta ujumbe. Nikatafuta tena. Kuna tochi na kikokotoo. Nikamshukuru Mutegi. Ungefanya nini? Alikuwa amesimama mlangoni akingoja nauli.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwambia Kanana ukweli. Alifumba macho kidogo. Akasema bado tunaweza: barua anaituma leo, kisha mama aje aape mbele yake, dakika kumi tu, kwamba yeye ndiye alikopa na alilipa mwezi wa tano. Nikasema mama ni mgonjwa. Akauliza anaumwa nini. Mguu, nikasema. Akasema basi yeye atamfuata Kiritiri. Nikasema mguu umepanda kichwani.

Alinitazama kama babake mwaka wa 1979. Akasema, kwa upole, kwamba zimebaki siku tatu, na mtu wa kumwomba mama ni mimi.

Kesho naenda. Nimefanya mazoezi mbele ya ng'ombe. Ng'ombe alielewa.

Jumatano, 16 Oktoba

Niliingia Kiritiri saa nne, sukari kilo mbili mkononi na simu yake ndani ya bahasha. Mama alifurahi. Akanipa kigoda, mbali kidogo na chake, inavyofaa. Akashukuru kwa simu, kwamba nimejali hata ikatengenezwa. Tukaongea mvua. Tukaongea mbuzi. Tukarudi kwa mvua. Akanipa ndengu. Mara tatu nilifungua mdomo niseme, na mara tatu nikasifu ndengu. Kila mara akaniongeza.

Mara ya nne nilisema, "Mama, kuna neno." Simu yake ikalia.

Akaitazama, akainuka, akaenda nyuma ya ghala. Ghala ni la fito tu. Nilisikia ile sauti tamu, kisha yake: "Nililipa, mwanangu... Haionekani?... Haya. Haya. Lakini yeye usimpigie tena. Ni mkwe wangu. Nitalipa leo."

Ningesimama hapo. Maneno nilikuwa nayo, Kanana alinipa yote: mama, usilipe, ukilipa tumekiri. Lakini nikisema, nimeonyesha nimesikia. Na nikionyesha nimesikia, yeye atauweka wapi uso wake, nyumbani kwake mwenyewe?

Akarudi akitabasamu. Akasema mnunuzi wa mbuzi anapita leo, na bei si mbaya. Nikasema kweli, nasikia bei si mbaya.

Alikuwa mbuzi mweupe, sikio moja jeusi, ana mimba. Alikataa kutoka zizini. Mnunuzi alishindwa. Kwa hivyo nikaingia mimi, nikamshika pembe, nikasaidia kufunga kamba. Mimi, kwa mikono yangu! Mama aliniambia nina mkono mzuri kwa mifugo. Akasema Njoki alipata mtu.

Nikala ndengu zilizobaki, ili nisiongee.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ujumbe kutoka kwa Karwirwa: deni limefungwa, ahsante kwa uaminifu, karibu tena. Karibu tena!

Kanana amepata ripoti mpya. "Imelipwa, baada ya kuchelewa siku 504." Barua yetu haina nguvu tena, kwani mtu hawezi kulipinga deni Jumanne na likalipwa Jumatano. Doa litakaa kwa jina langu miaka mitano. Akauliza nani amelipa. Nikasema mbuzi. Alikataa malipo yangu. Alisema angekuwa na wateja kumi kama mimi, angekuwa amerudi nyumbani kuchuma majani chai.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nilipeleka ombi hata hivyo, zikibaki dakika kumi. Mwenyekiti wa kamati aliisoma ripoti kwa sauti. Siku mia tano na nne. Akasema wakulima hawawezi kumwachia pesa zao mtu aliyeshindwa na elfu sita mwaka mzima na nusu. Wakanipa nafasi ya kujieleza. Nikaangalia kofia yangu. Kulikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa Kiritiri likipepeta ndengu.

Runji ni meneja. Alinipa mikono yote miwili.

Nimepita karibu na mizani nikienda nyumbani. Miaka kumi na tisa nimepima kahawa ya watu wote hapa, na sijawahi kumpunja mtu. Kumi na tisa. Njoki alinimiminia chai, akaitia sukari mwenyewe, kama kwa mgonjwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: KITAMBULISHO CHANGU HAKITOKI MFUKONI TENA. Hata aombe malaika.

Saa tatu asubuhi Njoki alileta salamu za mama. Laini yake inamsumbua: yule binti wa sauti tamu sasa humpigia kila siku kumuuliza kama angependa mkopo mwingine. Anaomba laini mpya. Kitambulisho chake bado hakijatoka. Nikasema hapana! Nikarudia kwa nguvu, kuku wakatawanyika. Njoki akasema sawa, haina neno, mpigie mama umwambie hivyo wewe mwenyewe.

Saa nne nilikuwa kwa wakala wa laini.

Nikamkuta Runji mlangoni, amekunja uso. Anataka laini ya kazi, ya umeneja, lakini kitambulisho chake kimeharibika. Alikitia plastiki tena juu ya ile yake, mashine ikakiyeyusha. "Ndambiri, ndugu yangu, ni dakika mbili tu." Sasa jamani, ni meneja wangu. Mtu anamnyima meneja wake wiki ya kwanza?

Tumesajili mbili. Wakala alitazama mashine yake akasema laini zilizo kwa jina langu sasa ni tano. Nikahesabu njia nzima ya kurudi. Yangu. Ya mama ya zamani. Ya mama mpya. Ya Runji. Ya tano sikumbuki nilimpa nani.

Lakini lazima alikuwa mtu mwema.