Kidonge na Vikombe Vitatu

Jumatatu, Megabit 2
Damu nane! Nesi kasema mwanamke anatakiwa awe na kumi na mbili. Na mfungo wa Pasaka umeanza leo hii, mwezi huu wa Megabit, siku hamsini na tano bila nyama. Bahati gani hii? Nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Kahawa nikae nayo mbali kwa muda wa saa mbili kabla na baada ya kidonge. Vyuma ninyanyue vyepesi tu. Wiki tatu, kisha napimwa tena. Nikishuka hadi saba, jimu basi, na nitaongezewa damu ya mtu. Ya nani? Naogopa sana.

Jumanne, Megabit 3
Tatizo ni Emama Zenebech, mwenye nyumba wangu. Kahawa yake ni vikombe vitatu, na anayeondoka kabla ya cha tatu ameiacha baraka. Nilijaribu kukataa. Akauliza, mbele ya majirani, kama nimeona nzi kikombeni au nimepata nyumba nyingine ya kupanga. Nyumba nyingine! Nikanywa vyote. Ila akili ni mali: kidonge nimekimeza na cha kwanza, ili cha pili na cha tatu vikisukume mpaka kwenye damu.

Alhamisi, Megabit 12
Ngazi mbili tu, moyo unadunda. Jimu yetu iko uani, vyuma ni makopo ya maziwa yaliyojazwa zege. Yeshimebet, muuza vitunguu, ananyanyua makopo madogo, anapumzika, anakula chungwa. Mwoga! Lakini mikono yake inajaa, yangu inasinyaa. Na ananitazama. Amejua? Nimepata mbinu: makopo makubwa mawili, ndani makapi ya nafaka ya teff, juu zege kidogo.

Jumamosi, Megabit 14
Nimenyanyua kwa mkono mmoja! Vigelegele! Yeshimebet akasema, "Hongera, dada yangu, hebu na hiki," akanisogezea chuma kingine. Cha zege kweli. Ningekataaje? Kilipofika magotini, giza. Nilidhani nimekufa.

Nilipozinduka alikuwa ameniinua miguu. Akaninong'oneza kwamba kope zangu ni nyeupe kwa ndani, kwamba mwaka jana naye alikuwa na damu saba, akapanda kidogo kidogo kwa makopo madogo, machungwa, na kahawa ya mchana tu, kidonge kikishatulia. Akanisihi nimwambie Emama ukweli. Nililia. Kisha hofu ikazidi: mpinzani gani anakupa siri yake bure? Machungwa yale yana kitu.

Jumatatu, Megabit 23
Saba na nusu! Nesi akauliza kidonge nameza na nini. Nikasema maji. Akanipa wiki mbili za mwisho.

Nikaenda moja kwa moja kwa Emama, nikamweleza yote. Hakukasirika! Akasema, "Mwanangu, si ungesema? Wewe njoo ukae nasi tu. Baraka nitakupa hata mikono mitupu." Mama wa watu! Nikambusu bega. Nikakaa, mikono mitupu, nimepona nusu kwa furaha.

Majirani wakaingia. Sita. Wote wakatazama mikono yangu. Yeshimebet akatabasamu. Mmoja akauliza kama naumwa.

Nikasema siumwi hata kidogo, nikaomba kikombe. Vidonge leo nimemeza viwili: kimoja na cha kwanza, kimoja na cha tatu, kufidia ile nusu.